Masale Nyuma ya Banda la Farasi

Kila kitu ndani ya nyumba yetu kilikuwa na namba. Milango, meza, vitanda, beseni la kuogea lenye miguu kama ya simba, hata kigoda cha Bibi. Shirika la umma lililomwajiri Baba lilikuwa na karani wa vifaa ambaye siku moja, kabla sijazaliwa, alipita chumba hadi chumba na kopo la rangi nyeupe, akaandika namba kwenye kila kisichoweza kukimbia. Kigoda kile hakikuwa cha shirika. Bibi, mama yake Baba, alikuja nacho kutoka kwao mlimani, amekibeba kichwani. Anasema alikwenda chooni mara moja, na aliporudi kigoda kilikuwa kimeshataifishwa.

Nyumba iko Themi, juu kidogo ya mto. Imejengwa kwa mawe meusi ya Mlima Meru, ina paa refu lililochongoka, na chini ya paa kuna mbao zilizotobolewa-tobolewa kama vile vitambaa ambavyo akina mama hufuma vya kufunikia makochi. Aliyeijenga ni Mwingereza aliyekuja kulima kahawa. Nilipomchorea mwalimu wetu wa historia, alisema huo ni mtindo wa enzi za malkia mmoja wa kwao, ambaye alikuwa amekufa miaka mingi kabla jiwe la kwanza halijawekwa Themi. Yaani Mwingereza wetu alijenga nyumba ya mtumba. Nilifurahi sana kulijua hilo. Darasani walikuwa wakinicheka kwa sketi yangu ya mitumba, kumbe mimi nalala ndani ya mtumba mzima wenye dohani.

Baada ya Mwingereza alikuja Mgiriki, mkulima wa maharage ya mbegu. Huyu Bibi alimwona kwa macho yake, kwa sababu wakati huo alikuwa binti na alikuwa akishuka kutoka mlimani kumuuzia mke wa Mgiriki maziwa na ndizi. Mgiriki alijenga tanuri la mikate uani. Mkewe, anasema Bibi, alikuwa analia akikata vitunguu, na analia asipokata. Kisha nchi ikataifisha, Mgiriki akaondoka na masanduku yake, likaingia shirika na kopo lake la rangi. Shirika likatuingiza sisi.

Sisi tulikuwa familia tatu. Sisi wenyewe tulikaa sebuleni, kwenye dohani, ambamo Bibi alikuwa ananing'iniza mahindi ya mbegu yapate moshi. Kibaraza cha vioo kilikuwa cha familia ya Mama wa Kitanga, mjane wa dereva wa shirika, mwanamke mwenye ushungi mweupe na ulimi mwekundu, aliyekuwa akikaanga vitumbua pale pale Mwingereza alipokuwa akinywa chai yake. Chumba cha juu kilikuwa cha fundi umeme kapera, ambaye sitamsema sana kwa sababu sifa yake kubwa ilikuwa redio.

Basi yakaja mageuzi. Soko huria, kila kitu ruksa, maduka yakajaa sabuni za kunukia na mashirika yakaanza kufa moja moja kama kuku wa mdondo. La kwetu likafa nalo. Baba akarudi nyumbani mchana na mfuko wa plastiki wenye kikombe chake cha ofisini, chenye namba. Alikuja bwana mmoja mwenye tai, ambaye kazi yake ilikuwa kulizika shirika kisheria. Wanamwita mfilisi. Familia zetu tatu zikamwandikia barua moja kuomba kuinunua nyumba kwa pamoja, na akajibu vizuri tu: sawa, lakini kabla ya muhula huu wa shule kuisha, akitokea mtu wa nje mwenye bei nono, yeye ndiye mwenye nyumba, nanyi mtafute pa kwenda.

Pa kwenda palikuwa wapi? Kwa kaka yake Baba, kule Nduruma, chumba kimoja na mbuzi.  Baba alianza kupanda juu ya paa kila Jumapili kuziba bati zinazovuja, za nyumba isiyokuwa yake, na mimi nikimwona amekaa kule juu na nyundo mkononi bila kupiga kitu, utani ulikuwa unanikauka mdomoni. Na utani kunikauka ni jambo la kuitiwa daktari.

Nikaamua wanunuzi wasipatikane.

Kazi ya kuwatembeza wanunuzi niliichukua mwenyewe. Watu wazima wa nyumba walikuwa wanaona aibu kuonyesha vyumba vyao kwa wageni. Mimi aibu sikujaliwa. Mwanzoni niliwapiga kamba ya mzimu. Nilimwambia mama mmoja wa hoteli kwamba Mwingereza hukohoa ndani ya dohani ifikapo saa kumi jioni, saa yake ya chai.

"Atakohoa," akanijibu, "mpaka nimletee mchungaji."

Nilirudi jikoni nimenywea. Bibi alikuwa anamenya ndizi, akacheka bila kuinua kichwa.

"Wewe nawe na mizimu yako. Mzimu unakemewa unaondoka. Kaburi ndilo haliondoki. Nani atanunua kaburi la watu?"

Alisema hivyo tu na akaendelea kumenya. Angejua ninavyomsikiliza, angenyamaza.

Kwa asiyejua: kwetu mlimani, wafu huzikwa nyumbani, kwenye migomba, na juu yao hupandwa masale. Ni mmea wa majani marefu yaliyosimama kama upanga, haufi hovyo, na mtu wa Meru au wa Kilimanjaro akiuona umepandwa kwa mpango hahitaji kusomewa. Huota mpakani, kaburini, na penye jambo. Jumamosi iliyofuata nilitumwa kwa shangazi kuchukua mkungu, nikarudi na mkungu na gunia la masale yenye mizizi. Niliyang'oa kando ya mfereji, siyo mpakani. Mimi ni mtundu, siyo mwehu.

Nyuma ya nyumba kuna banda la farasi wa Mwingereza, ambamo farasi wa mwisho ni kuku wa Mama wa Kitanga. Nyuma ya banda, asubuhi watu wakiwa kanisani na sokoni, nililima tuta la urefu wa mtu, nikapanga mawe meusi kulizunguka, nikapanda masale kichwani na miguuni. Mvua za masika zikanisaidia. Kufikia wiki ya tatu lilikuwa kaburi zuri kuliko makaburi ya watu waliokufa kweli.

Mama wa Kitanga ndiye aliyeligundua wa kwanza, akifuata mayai. Alisimama amejishika kiuno.

"We mtoto, huyu maiti wenu kalala vipi? Hakuelekea kibla, hakuelekea kanisani. Kalala kama mlevi!"

"Shikamoo, Mama. Usimseme, anasikia."

"Marahaba. Na akisikia mwambie asinitie uchuro kwenye mayai yangu." Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Hebu mgeuze kidogo. Ukidanganya, danganya kwa adabu."

Nikamgeuza kidogo.

Mnunuzi wa kwanza kuonyeshwa kaburi alikuwa mfanyabiashara mwenye simu ya mkononi kubwa kama tofali, aliyetaka kubomoa nyumba na kujenga gesti ya ghorofa. Aliitembea nyumba yote akiongea na simu, akipiga kuta teke. Nilimpeleka nyuma ya banda. Akayaona masale. Akasema kwenye simu, "Ngoja kwanza," akaizima, akarudi nyuma hatua tatu kwa kisigino. Kwa lafudhi yake nilijua kwao ni Kilimanjaro.

"Hili la nani?"

"La mpishi wa Mwingereza," nikasema. Hata sijui lilitoka wapi. "Alikufa kwa homa, hakuna aliyekuja kumchukua."

Hakuaga. Gari lake lilitoka getini kinyumenyume. Usiku ule nilikula ugali vipande vya watu wawili, nikajiona mimi ndiye waziri wa ardhi. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Yangu niliiona imetandazwa lami.

Wa pili alikuja Jumatano, kwa pikapu ya kijani iliyojaa matope. Mzee mrefu, koti la suti juu, buti nyeupe za mpira chini, mkulima wa kahawa na ndizi kutoka miteremko ya Meru. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akanikabidhi papai kama zawadi ya nyumba. Vyumba hakuvitazama sana. Alitazama jiko. Alisimama pale muda mrefu akiangalia meko ya zamani na mlango mdogo wa kutokea uani, kisha akasema tumalize. Nikampeleka nyuma ya banda, nikiwa na haraka, maana nilikuwa na jaribio la hesabu kesho yake.

Alipoyaona masale, alivua kofia.

"Nani amelala hapa, mjukuu wangu?"

"Mpishi wa Mwingereza, mzee. Alikufa kwa homa. Hakuna aliyekuja kumchukua."

Nilidhani atarudi nyuma hatua tatu. Alipiga magoti. Koti la suti likagusa udongo.

"Alikuwa mtu wa kwetu?"

"Ndiyo, mzee. Mmeru kabisa."

"Walisema alikuwa anachechemea?"

"Sana," nikasema, maana mdomo wangu una injini yake. "Mguu wa kushoto."

Alinitazama. "Wa kulia."

"Wa kulia, ndiyo. Wa kushoto ukimwangalia kwa mbele."

Hapo mzee yule akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, naye akayaacha. Akaniambia baba yake alikuwa mpishi wa mzungu mmoja upande huu wa mto. Alishuka kutoka nyumbani baada ya mavuno ya kahawa, yeye akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi, na hakurudi tena. Mama yake alikufa akiacha mlango haujafungwa kwa komeo. Tangu wazungu waondoke, kila anaposikia nyumba ya zamani inauzwa, huenda kulitazama jiko lake na kuuliza. Hakuwa mnunuzi kabisa. Alikuwa mtu anayemtafuta baba yake.

"Sasa nitanunua," akasema, akisimama na kujipangusa magoti. "Hata nikiuza kahawa ikiwa bado kwenye mti. Siwezi kumwacha kwenye uwanja wa watu. Jumapili nitaleta ukoo." Akaniwekea mkono kichwani. "Mungu akubariki, mjukuu wangu. Ulimtunza."

Pikapu ikaondoka. Nilibaki nimesimama na papai. Nimekwisha kuchapwa shuleni mbele ya gwaride, nimekwisha kufukuzwa kwaya kwa kubadilisha maneno ya pambio, lakini hakuna kilichowahi kuniuma kama ile "Mungu akubariki" yake. Tazama nilivyojikoroga: aliyekuwa hataki nyumba sasa anaitaka kuliko mtu yeyote, na anaitaka kwa sababu yangu. Nikinyamaza, Baba anahamia kwenye chumba cha mbuzi na mzee anakwenda kutambikia tuta la viazi. Nikisema, habari itamfikia yule wa simu ya tofali kwamba kaburi ni la kuchonga, naye atarudi na tingatinga.

Alhamisi nilifeli hesabu. Ijumaa sikufanya utani hata mmoja. Jumamosi asubuhi Bibi akaniita, akanikalisha chini mbele ya kigoda chake kilichotaifishwa.

"Siku ya tatu hii hujamcheka mtu. Umeiba nini?"

Nikamwambia yote. Nilitegemea kofi, na ningelipokea. Alisugua namba ya kigoda kwa kidole gumba kama anavyofanya siku zote.

"Umempa mtu baba," akasema mwishowe. "Haya. Inuka tukamnyang'anye."

Tulikwenda nyuma ya banda. Bibi mwenyewe alikata jani moja la isale, lile zuri kuliko yote, akalifunga fundo katikati, akanipa. Mtu akikuletea jani hilo lililofungwa, amekuja kuomba msamaha, na huruhusiwi kumfukuza kabla hujamsikia. Nilijua hayo kama ninavyojua wimbo wa shule. Kulibeba mkononi ni kitu kingine. Njia nzima ya kupanda mlima kwenda kwa mzee, ambako Bibi alikujua, akina mama waliotoka sokoni walikuwa wakiliona jani, wananitazama usoni na kupisha. Hakuna aliyeuliza. Walijua tu kwamba huyu binti ana lake.

Kwa mzee tulikuta uwanja umefagiliwa. Mbuzi amefungwa kwenye mgomba, pombe ya ndizi imefunikwa kwa majani, wanawake wanatwanga ulezi. Yote kwa ajili ya kesho. Mzee alitoka na buti zake nyeupe, akatabasamu, kisha akaliona jani, na tabasamu likakaa pale pale bila mwenyewe.

Nilipiga magoti. "Mzee, pale hakuna mtu. Nililima mimi. Masale nimepanda mimi, ili watu wasinunue, tusifukuzwe. Na mpishi nilimtunga."

Kinu kikanyamaza. Hata mbuzi alinyamaza, au mimi niliziba masikio.

"Mguu uliujuaje?"

"Ulinitajia wewe, mzee. Mimi niliitikia tu."

Alikaa kwenye gogo. Nilikuwa bado nimenyoosha jani, na Bibi hakunisaidia hata kwa kikohozi.  Kisha mzee akanyoosha mkono wake, akalipokea.

"Siku tatu nimekuwa na baba," akasema, akimwambia Bibi, siyo mimi. "Nimelala usingizi siku tatu. Ni nyingi, ujue."

"Ni nyingi," Bibi akasema.

"Na hili nalo," akanielekezea kidole, "ukimwangalia kwa mbele!" Bega likamtikisika. Sikuelewa kama analia au anacheka, mpaka akaligeuza koti na kujifuta pua, nikaona ni vyote viwili. "Mjinga wewe. Mguu wa kushoto ukimwangalia kwa mbele! Mguu wa mtu ni ule ule, umwangalie mbele au nyuma!"

"Samahani, mzee."

"Nyumba yenu siitaki. Nilitaka kaburi tu. Ile nyumba inavuja, niliona." Akageukia kinu. "Endeleeni kutwanga. Kesho tunakwenda."

Bibi akauliza kwenda wapi, maana hakuna mtu pale.

"Na kwingine kote hakuna mtu. Nimetafuta mpaka meno yameisha. Mama yangu hakupata hata pa kummiminia maziwa. Mtoto huyu amechimba, masale yameshika. Isale likishika haling'olewi. Baba yangu alipika upande ule wa mto. Kama siyo jiko lile, basi la jirani. Nitamwita pale. Akiwa mbali, atatembea." Akajigusa goti la kulia. "Kwa kuchechemea."

Kisha akaniinamia mimi, kwa sauti ya chini. "Yule mwenye simu akirudi kuuliza, mwambie kaburi ni la baba yangu. Ngoja tu mpaka kesho jioni. Baada ya hapo haitakuwa uongo."

Jumapili walishuka, pikapu mbili. Baba alikuwa juu ya paa na nyundo yake. Aliteremka bila kuelewa, akavaa shati. Walimimina maziwa na pombe kwenye tuta langu, wakamwita mpishi kwa jina lake la ukoo, na wanawake wakaimba. Mama wa Kitanga alifunga kuku wake, akakaanga sinia mbili za vitumbua na kugawa bure, akisema maiti si lazima awe wako ndipo ufiwe. Mbuzi alikuwa mtamu. Nilikula kwa kuinamisha kichwa.

Wa simu ya tofali hakurudi. Muhula ulipokwisha mfilisi alikuja na karatasi, na nyumba ikawa yetu, familia tatu, pamoja na dohani na uvujaji wake. Fundi umeme alizima redio siku nzima kwa heshima. Baba alichukua msasa akaanza kufuta namba milangoni. Alipokifikia kigoda, Bibi alikikalia.

Mzee aliniachia adhabu mbili. Ya kwanza, kila Jumamosi nafagia pale na kupunguza masale yasizidi. Ya pili aliisema akiwa amekwisha kuwasha pikapu: "Wewe kutunga unajua. Sasa nitafutie la kweli."

Ndiyo maana mwaka huu, kidato cha tatu, badala ya kwenda kutazama video kwa jirani, naenda Kijenge kwa wazee waliofanya kazi kwenye nyumba za wazungu, naamkia, nauliza nani alipika wapi. Haya yote ya Mwingereza na Mgiriki niliyoandika hapa yanatoka kwao na kwa Bibi, na safari hii sijaongeza kitu. Mmoja anakumbuka mpishi aliyefuata bwana wake kuhamia mbali. Mwingine anakumbuka homa. Bado hawajakubaliana.

Mzee huja kila baada ya mavuno. Huacha buti mlangoni, hupewa kigoda chenye namba, hunywa chai mbele ya dohani.

"Umempata?"

"Bado, mzee."

"Hata kidogo?"

Mdomo wangu una injini yake, nimesema. Nauma ulimi. "Hata kidogo, mzee."

Anaitikia kwa kichwa, anamaliza chai, kisha tunachukua maziwa na kwenda nyuma ya banda.